Wimbo Uliotoka Ndani

Msimbu, Kisarawe
4 Februari 2024

Mdogo wangu Twalibu,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, uzima ninao kwa uwezo wake Mola, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linanigombeza kila ninaposujudu. Nyumbani wote wazima. Muhogo umekubali, nguruwe pori wametuachia kiasi. Zawadi ameingia kidato cha pili, na kwa kimo amenipita. Akigeuka ghafla mlangoni moyo wangu unaruka, nadhani ni marehemu mwanangu Mwajabu amerudi kumfuata mtoto wake. Anakusalimu, anakuita babu mpiga gitaa. Wifi yangu Laurentia mwambie ule mchaichai wake umeshika, kila jioni tunaunywa na kumtaja.

Utajiuliza kwa nini sijapiga simu. Simu yangu ukisema unasikika mpaka kwa jirani, na hili siyo la kusikika. Tena ni la aibu dada kulisema mdomoni mbele ya kaka yake. Kwenye karatasi naweza kugeuza uso. Salehe muuza mananasi anashusha mzigo Kibaha mara kwa mara, atakuletea, na jibu mpe yeye yeye.

Juzi nilikuwa natoka kumsomea mgonjwa Yasini, nikapitia kisimani. Wasichana wameweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, inaimba, na wao wanakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili mpaka maji yanaruka kwenye madumu. Gitaa linalia kama limechinjwa. Nikasimama. Mstari wa kwanza nikaujua. Wa pili nikaujua. Na sauti ya mwanamume anayeimba, hiyo ndiyo niliijua kuliko vyote.

Bi Hajira alikuwepo. Macho hayaoni tena vizuri lakini masikio yake ni ya mtoto. Akaniambia mbele ya wote, "Swaumu, siku ya mwali wako tuje na kanga au tuje na tiketi?"

Mwingine akadakia, "Tiketi ya nini, sisi si ndugu wa msanii? Tutakaa mbele!"

Wakacheka, Twalibu. Nami nikacheka nao, maana ningefanya nini na ndoo iko kichwani.

Unajua mimi ndiye kungwi hapa tangu Bi Hajira azidiwe. Mabinti wanaletwa kwangu, nawafunda. Kazi yangu yote ni mdomo uliofungwa. Sasa wimbo wa ndani, wimbo ambao mwanamume haruhusiwi hata kuusikia, unapigwa baa, na anayeuimba ni ndugu yangu tumbo moja. Nani kampa? Kila mtu ana jibu lake, na jibu la wote ni mimi.

Wimbo ule una wenyewe, na mwali anayeimbiwa siyo kila mwali. Ni yupi, sikwambii. Zawadi nitamweka ndani likizo ya Juni, siku chache tu kwa sababu ya shule, na wimbo ule ni haki yake. Wenzangu wamesema hawatauimba tena, umeshachezewa na walevi. Wengine wamesema hata kuja hawaji, kwangu siri haikai. Mtoto akitolewa bila wanawake ni kama hakutolewa, watu watamsema hivyo maisha yake yote.

Uache, mdogo wangu. Na uniambie umeutoa wapi.

Dada yako,
Swaumu


Mkuza, Kibaha
19 Februari 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua nimeipata kwa mkono wa Salehe pamoja na nanasi, ahsante, tumelila siku hiyo hiyo. Sisi hatujambo. Laurentia anakusalimu sana, yuko mbioni na jumuiya yao, Kwaresima imeanza, jikoni hakuna nyama na mimi Mwislamu nimefungishwa kabla ya Ramadhani. Goti hilo lipake mafuta ya nazi ya moto, usilichekee.

Dada, wimbo ni wangu. Nimeutunga mwenyewe zamani, nikiwa Tanga, chumba cha kupanga. Mahadhi ya kwetu yanafanana, ngoma zote za Kizaramo ni watoto wa mama mmoja. Kama umefanana na wenu basi umefanana.

Naomba na wewe unione nilipo. Unalikumbuka gitaa langu la kwanza, la galoni la mafuta na waya wa breki ya baiskeli, Baba alilivunja mara mbili. Toka hapo nimepiga nyuma ya waimbaji ambao leo hakuna anayejua walizikwa wapi. Nimepiga kwenye hoteli Bagamoyo, watu wanakula pweza hawageuzi hata shingo. Nikajifunza kwenye kanda jinsi ya kuuvuta waya mpaka ulie kama mtu, nikaambiwa hiyo ndiyo bluzi. Vijana wa karakana ninapochomelea mageti wananiuliza, "Mzee, bluzi ndiyo mdudu gani?" Nawaambia bluzi ni muziki wa kulia na roki ni muziki wa kugombana, mimi nimewaoza. Wanacheka. Nimechekwa ujana wangu wote na utu uzima wangu wote.

Mwaka jana Andrew, mwenye studio hapa Kibaha, akaukuta huo wimbo kwenye kanda mbovu. Akasema, mzee, huu tuurudie, tuweke ngoma nzito kama watu mia wanakanyaga. Tukaurudia. Sasa "Ongeza Kishindo" unajua mwenyewe ulipofika, umefika mpaka kisimani kwenu. Mwanzoni mwa Mei kuna tamasha uwanjani hapa, picha yangu imebandikwa ukutani Maili Moja, mimi na gitaa, na mvi zangu zote. Napita pale bila shughuli, nijione tu.

Mwaka ambao Mungu amenikumbuka ndio unaniambia niache? Waambie wanawake wa Msimbu nitakitaja kijiji jukwaani, watapata heshima.

Mdogo wako,
Twalibu


Msimbu, Kisarawe
3 Machi 2024

Twalibu,

Marahaba. Mwezi mtukufu unaingia, kwa hiyo nakuomba radhi kwa nililokukosea kwa kujua na kwa kutojua, nawe nakutakia funga njema, wewe na nyumba yako. Mafuta ya nazi nimepaka. Mbuzi amezaa pacha.

Heshima unayotaka kututafutia tunayo habari zake. Ijumaa msikitini, upande wetu, nilitandika mswala wangu kama siku zote. Aliyekuwa kulia kwangu akausogeza wake kidogo. Aliyekuwa kushoto naye akausogeza. Nimesali katikati ya uwanja kama mgeni. Bi Hajira amepita kwangu kwenye jua kali, nikampelekea maji, akaniambia, "Ahsante mama, nimefunga," na mwezi bado haujaandama.

Mume wangu Amiri ameniuliza mara moja tu. Akasema, "Mama Mwajabu, ulimwambia?" Nikasema sikumwambia. Akasema sawa. Lakini ameuliza, Twalibu. Tangu anipose hajawahi kuniuliza kama nasema kweli.

Umesema umetunga mwenyewe. Vizuri. Basi nieleze ule mstari wa mwisho maana yake nini, ule unaourudia ukipiga kelele. Aliyetunga hashindwi kueleza.

Swaumu


Mkuza, Kibaha
14 Aprili 2024

Dada yangu,

Shikamoo, na Idd Mubarak. Nimechelewa kujibu, nisingizie funga, lakini wewe hunywi uongo. Tumekula sikukuu vizuri, Laurentia amepika pilau kuliko Waislamu wa mtaa mzima na majirani wamekuja kushuhudia. Mvua huku haikatiki, karakana imejaa maji.

Maana ya mstari ule siijui. Wala ya mistari mingine siijui. Nimeimba maneno nisiyoyajua maisha yangu yote na watu wananisifu.

Nitakwambia nilikoutoa, na nitakuomba usiwaambie watu, maana mwanamume anayesikiliza ukutani kwa mwali hana adabu hata kama alikuwa mtoto. Ni siku ya mazishi ya Mama. Wewe ulikuwa ndani nyumbani kwa Bibi, umewekwa mwali. Mimi sijaanza hata shule. Mbele ya nyumba watu wamejaa, wanawake wamejifunga kanga kiunoni wanalia, Baba amekaa chini hana kofia. Sikuwahi kumwona Baba hana kofia. Hakuna aliyenitazama. Nikaenda nyuma, nikapita kwenye migomba mpaka nyumba ya Bibi, na pale nikasikia watu wanaimba. Wanaimba kwa nguvu, wanakanyaga, ardhi inatetemeka. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa udongo, ukuta wote unapiga kama kifua cha mtu aliyetoka mbio.

Nikasema moyoni, kumbe kuna mahali leo watu wana furaha, na dada yangu yumo humo.

Nikabaki hapo. Walikuja kuniita kula, sikwenda. Dada, siku ile yote, na miezi iliyofuata, furaha niliyokuwa nayo ni hiyo tu. Mimi nikigusa waya wa kwanza wa wimbo ule, naweka kiganja ukutani. Siupigi kwa ajili ya walevi. Ndiyo maana nikikwambia siwezi kuuacha usidhani ni kiburi.

Halafu naomba uniambie, nimetaka kuuliza siku zote nikaogopa. Mama amelala mbele pale, nyinyi ndani mlikuwa mnasherehekea nini?

Mdogo wako,
Twalibu


Msimbu, Kisarawe
23 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Bismillahi. Nakusalimu, na Laurentia namsalimu. Huku wazima, ila mvua imebeba choo cha jirani na mahindi ya bondeni yote yamelala. Zawadi shule haiendeki, yuko nyumbani ananisaidia kuteka.

Barua hii nimeianza, nimeichana, nimeianza. Nilifikiri nikuache na furaha yako. Mtoto amekwenda na kitu kimoja tu kutoka kwenye siku ile, mimi ni nani nimnyang'anye? Naona haya. Lakini umeniuliza, na tamasha lako linakuja.

Maana ya maneno siwezi kukuambia. Niliapa, na kiapo hicho nitakwenda nacho udongoni. Ila kilio kilikuwa changu, na cha kwangu nina ruhusa kukisema.

Waliniambia Mama amefariki nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Nikasimama niende. Nikaambiwa mwali hatoki, hata kwa mauti, mwali hakutani na jeneza. Nikawaomba wanifunike blanketi, wanibebe kama mzigo, nimguse miguu tu, wanirudishe. Bibi akakataa. Mama alikuwa mkwewe aliyempenda, alikuwa akilia yeye mwenyewe, na akakataa. Basi nikasikia wanaume wanapita na jeneza, "La ilaha illa Llah," wanakwenda nalo, sauti inapungua kuelekea makaburini. Nikapiga yowe, Twalibu.

Yowe la mwali haliruhusiwi kusikika nje, na pale nje wanaume ndio wamejaa. Kwa hiyo Bibi akasimama, wote wakasimama, wakaanza huo wimbo. Ni wa mwali aliyefiwa na mama. Hauimbwi kwa mwingine. Wanamzunguka, wanakanyaga, ili kilio chake kibaki humo ndani. Mimi nikapandisha sauti, wao wakaongeza kishindo. Nikapandisha, wakaongeza. Unausifu kwamba unakwenda mbio. Unakwenda mbio kwa sababu nilikuwa sinyamazi.

Ukuta ulioushika, mimi nilikuwa upande wa pili. Nilikuwa naupiga kwa mikono.

Sikuwahi kumlaumu Bibi. Alinikumbatia wakati anakanyaga, jasho lake na machozi yake vyote vilikuwa shingoni kwangu. Nami nilipokuwa kungwi nimewafanyia hivyo hivyo mabinti waliofiwa, nikiamini nawasitiri. Zawadi hana mama, hilo unalijua. Ndiyo maana nilisema wimbo ni haki yake.

Usiuimbe kwenye tamasha. Sikuamuru, nakuomba.

Swaumu


Mkuza, Kibaha
6 Mei 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo! Najua ni zamu yako kuandika lakini Salehe haonekani, wanasema njia imekatika na mananasi yanaozea huko huko. Mimi siwezi kusubiri. Barua hii nitampa yeyote atakayejaribu kuja huko kwa pikipiki. Sote wazima. Karakana imekauka.

Dada, ungekuwepo! Mvua ilinyesha mchana kutwa, nikasema basi, watu hawaji. Wamekuja. Uwanja umejaa, matope mpaka kwenye vifundo. Waliopiga kabla yangu ni vijana wanaoimba bila hata chombo mkononi. Nikapanda mimi, mzee na gitaa lake, kuna mmoja akapiga kelele, "Babu, umepotea, msikiti uko kule!" Watu wakacheka. Nikauvuta waya wa kwanza, nikauacha ulie peke yake, mrefu. Wakanyamaza.

Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi. Nikawasimulia. Nikawaambia, siku tuliyomzika mama yangu, mbele ya nyumba walikuwa wanalia, nyuma ya nyumba walikuwa wanacheza. Nikawaambia dada yangu alikuwa humo ndani, anacheza. Na nyinyi chezeni kama alivyocheza yeye. Nikaanza.

Hujaona watu wanakanyaga namna ile. Matope yanaruka mpaka jukwaani, Andrew anasema mita za mitambo yake zilikuwa nyekundu tu. Nikiwaambia ongezeni kishindo, wanaongeza. Wamenirudisha tukapiga mara ya pili. Laurentia alilia, akasema leo ndiyo amejua kwa nini alinivumilia.

Nimekutaja, dada. Uwanja mzima umelisikia jina lako. Natumaini sasa moyo wako umelainika kidogo.

Nakusubiri uniandikie.

Mdogo wako,
Twalibu


Mkuza, Kibaha
20 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Laurentia mzima, anakusalimu.

Salehe amefika jana. Barua yako ilikuwa imelowa kwenye kona, akaniomba radhi, akasema aliificha kwenye mfuko wa nailoni wakati njia imefungwa. Imeandikwa kabla ya tamasha. Niliisoma nimesimama karakanani na kofia ya kuchomelea kichwani. Nikaishusha usoni nisionekane, nikakaa hivyo, vijana wakadhani nachagua kazi.

Walikufunika wanawake wachache ndani ya chumba kimoja, wakiwa na sababu yao. Mimi nimekufunika tena kwa uwanja mzima, na jina lako nikalitangaza.

Nilikwenda kwa Andrew, nikamwambia autoe. Akacheka kwanza, alipoona sicheki akanijibu kwa upole, "Mzee wangu, ukishatoka umetoka. Uko kwenye simu za watu mpaka Mbeya, mimi nitautoa wapi?" Ametoa ule ulioko kwake. Ni sawa na kuchota kikombe baharini. Waliotaka nikapige Morogoro nimewaambia siendi. Wakaniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Watoto wa mtaa huu wananipenda. Nikipita wanaacha mpira, wanapanga mstari, wanakanyaga chini kwa ajili yangu, "Mzee Kishindo! Mzee Kishindo!" Mama zao wanatabasamu mlangoni. Inanibidi na mimi nitabasamu, niinue mkono, nipite. Nimeanza kuzungukia njia ya nyuma. Msikitini nakaa safu ya mwisho.

Ningesema nisamehe, lakini neno lenyewe naliona dogo na naona aibu kulituma kwa Salehe, katikati ya mananasi.

Twalibu


Msimbu, Kisarawe
8 Julai 2024

Mdogo wangu Twalibu,

Assalamu alaykum. Namshukuru Mola tumefika mwezi huu tukiwa hai, mimi na mzee Amiri na mtoto. Mvua zimekwisha, asubuhi kuna baridi ya kuota moto. Goti limetulia. Pacha wa mbuzi mmoja tumemchinja, wewe mwenyewe ulimwona sufuriani ingawa nasikia hukumgusa. Wifi yangu mwambie kanga alizomtumia Zawadi zimempendeza, na aliyechagua rangi ile ana jicho zuri.

Nakuandikia habari za siku ya kumtoa Zawadi, maana wewe ulikuwa nje na mimi ndani.

Tulikuwa wanawake wachache. Nilikuwa nimetandika mikeka mingi, tukawa tunaonekana kama tumetawanyika. Bi Hajira hakuja. Wanaume walikuwa wengi mbele kwenu kwa sababu wanaume wakisikia pilau hawaulizi siri imevuja wapi. Tulimwogesha Zawadi, tukampaka, tukamvika. Alikuwa akitazama mikeka mitupu.

Tulipomwinua atoke akashika mkono wangu, akasema, "Bibi, mama angekaa wapi?" Yaani angekaa upande gani wa mkeka. Nikamwonyesha kwa kidole mahali penyewe. Basi hapo ndipo alipoanza.

Alilia kwa sauti, Twalibu. Wenzangu wakanitazama. Mmoja akauinua mguu, kwa mazoea tu, wala hakuwa na nia mbaya. Nikamwambia, "Ushushe." Akaniuliza, "Na wanaume hapo nje?" Nikasema, "Wana masikio, wasikie." Sijui niliupata wapi ujasiri. Tukakaa chini wote tukamwacha alie. Hatukuimba. Niliona aibu, maana tangu dunia iumbwe hapa kwetu mwali hajasikika, na mimi kungwi ndiye nimekaa nimeweka mikono mapajani.

Kilio kikatoka mpaka barabarani. Kwanza nikasikia sahani zenu zimetulia. Halafu mlango wa uani ukafunguka, akaingia jirani ambaye alisema haji. Nyuma yake mwingine. Halafu Bi Hajira mwenyewe, ameshikwa mkono, anapapasa njia na fimbo. Hakunisalimia. Akauliza, "Yuko wapi?" Wakampeleka, akakaa mahali pale pale nilipokuwa nimemwonyesha mtoto, akamvuta kichwa chake mapajani. Hakusema tulikosea na hakusema tulipatia.

Ndipo ikaja sauti ya mwanamume kutoka nje. Ikauliza, "Nani anayelia humo?"

Hakuna aliyeniambia kuwa umekuja. Nilikujua kwa sauti.

Wanawake wakaguna. Bi Hajira akasema, "Mwanamume gani huyo hana adabu, anauliza ya ndani?" Kila mtu alikujua. Bi Hajira akabaki anampapasa mtoto kichwani mpaka nikadhani yamekwisha. Kisha akasema, "Swaumu. Mtu kauliza. Mjibu."

Nilipotoka na mwali ulikuwa umeshaondoka. Salehe anasema uliaga kwa mkono tu, kofia umeivuta mpaka machoni. Usifanye hivyo tena, watu wakaniuliza kama nimekufukuza. Bi Hajira bado hajanywa maji kwangu. Na mimi nisikudanganye, nikiinua mikono baada ya sala nalitaja jina lako, halafu nakaa kidogo, sijui niendelee na dua gani. Huwa naishia kwenye jina.

Lakini katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuuliza nani analia ndani ya nyumba ile. Umeuliza wewe, umechelewa, na mbele za watu.

Sijui kama jibu lilikufikia kabla hujaondoka, kwa hiyo naliandika hapa. Nilisogea dirishani nikasema, "Ni Zawadi, mtoto wa Mwajabu. Anamlilia mama yake." Nilitaka kuongeza jina la pili, langu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga, kwa sababu siku ile ilikuwa ya mtoto.

Dada yako,
Swaumu